Bi Kifusi na Gharama Iliyofutwa

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio zenu. Leo tunamkumbuka mwanamke ambaye mafundi ujenzi walimwita Bi Kifusi. Alikuwa mkadiriaji majenzi. Kazi yake ilikuwa kusema jengo litagharimu kiasi gani kabla jiwe la kwanza halijawekwa.

Jina lile lilianza kama utani. Wenzake walikadiria saruji, nondo na vibarua, basi. Yeye aliongeza gharama ya madhara. Vumbi litaingia vifuani mwa nani? Miti ikikatwa, nani atapanda mingine? Na kifusi kitamwagwa wapi? "Huyu naye na kifusi chake!" walicheka. Jina likamganda.

Kisha kampuni yake ikawania kazi ya kujenga maghorofa kilimani. Chini ya kilima palikuwa na bonde, mkondo wa maji, na nyumba za watu. Katika nyumba mojawapo aliishi mama yake mzazi, pamoja na mdogo wake wa kiume, fundi cherehani.

Bi Kifusi aliingiza gharama ya kusomba kifusi hadi mbali. Meneja akaifuta.

"Dada yangu, tukiweka hii, zabuni tumeikosa. Bonde lile linameza kila kitu."

"Bonde halimezi, bosi. Linatapika."

Hakusikilizwa. Kampuni ikaishinda zabuni, na malori yakamwaga kifusi bondeni.

Mvua kubwa iliponyesha, maji yakakosa njia. Yakajaa nyuma ya kifusi, kisha yakakisukuma chote, tope na mawe, hadi milangoni mwa watu. Fundi cherehani alikuwa kibandani kwake, barabarani. Mama alikuwa jikoni. Hakuwahi kutoka.

Meneja alikuja msibani, kichwa chini, akaomba radhi. "Uliifuta kwenye karatasi tu," Bi Kifusi alimwambia. "Mama yangu ndiye ameilipa."

Wasikilizaji wapendwa, baada ya msiba kampuni ilibadilika. Hakuna makadirio yaliyoruhusiwa kutoka bila gharama ya madhara. Na aliyeombwa kuisimamia kazi hiyo ni yeye, Bi Kifusi. Akarudi kazini.

Mdogo wake anakumbuka. "Nilimwakia. Nikamwambia, dada, unawafanyia kazi waliomuua mama? Akanijibu, 'Nikikaa nyumbani, wataifuta tena gharama ile.' Sikutaka kumwelewa. Nikamsusa."

Alimsusa miaka mingi. Dada alipopita mbele ya kibanda, alisikia cherehani ikinyamaza, kisha ikiendelea. Naye akapita, moyo umemlemea. Kazini aliwabana wakandarasi hadi wakamwogopa. Nyumbani alikula peke yake.

Ugonjwa ulimwangusha mwaka huu. Mdogo wake alipofika hospitali, dada hakuweza tena kusema. "Nilimshika mkono," anasema. "Nikamwambia nimeelewa. Sijui kama alisikia."

Bi Kifusi alizikwa jana, karibu na mama yake.

Kwa fundi cherehani na ukoo mzima, tunasema poleni sana. Mungu awatie nguvu. Nasi tuliobaki tutafakari. Wewe unayejenga, kabla hujamwaga toroli la kwanza, tazama chini ya kilima. Kuna mlango wa nani pale? Na wewe uliyemnunia ndugu yako, nenda kwake leo, angali anaweza kukujibu.