Karamu ya Daktari Athanasie

Baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi, Daktari Athanasie Nizeyimana, mkuu wa idara ya vipimo vya mvua katika kituo chetu cha utafiti wa tabianchi, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 29 Mei 2026. Anaondoka akiwa na afya njema, akili kali, na Kiswahili kilekile alichokuja nacho. Mimi niliyezaliwa na kulelewa mtaa wa Nyamirambo, hapa Kigali, ambako Kiswahili tunakinywa pamoja na chai ya asubuhi, nimehariri ripoti zake kwa miaka mingi, na natangaza hapa mbele ya kituo kizima kwamba nimeshindwa. Kwake yeye r na l ni mapacha: ukimwita mmoja, anaweza kuitika yeyote.

Alizaliwa Bujumbura, kwa wazazi Wanyarwanda waliokimbilia huko, akasoma kwa Kifaransa na kufundisha fizikia kabla ya kurudi nchini. Alipojiunga na kituo mwaka 1997, alipewa kazi ambayo hakuna aliyeitaka, kupanga majedwali ya zamani ya mvua. Majedwali yale yalikuwa yamejaa namba mpaka Aprili 1994, kisha yakawa meupe. Wengi wa watu waliokuwa wakiisoma mvua hawakuwapo tena. Miezi ikapita, na kwingine miaka, mvua ikinyesha milimani bila mtu wa kuiandika. Mama Athanasie hajawahi kulizungumzia sana jambo hilo, nasi hatujawahi kumlazimisha. Alichofanya ni kuapa kwamba katika vipimo vyake hapatakuwa na siku tupu hata moja. Mwanya pekee anaouruhusu ni ule wa meno yake ya mbele, ambao sote tunaufahamu vizuri kwa sababu anacheka sana.

Kwa wageni watakaosoma programu hii ya sherehe bila kuijua kazi yetu, niseme kidogo. Tabianchi huwezi kuiona kwa kutazama mvua ya leo. Unaiona ukiiweka mvua ya leo kando ya mvua ya mwaka jana, na ya miaka ishirini iliyopita, mahali palepale, kwa kipimo kilekile. Kipande kimoja kikikosekana, mkulima anayekuuliza kama kweli masika yamebadilika au ni uzee wake tu, huna la kumjibu.

Ndiyo maana Mama Athanasie alizunguka milima na pikapu ya kituo akitafuta watu. Leo tunawaita wasoma mvua. Ni wenye maduka, watawa, walimu na mafundi cherehani, wa hapa Rwanda na wa nchi jirani, na kila mmoja ana kipima mvua uani kwake, anakisoma saa mbili asubuhi, iwe Pasaka, iwe Idi. Kwa kuwa wametoka pande nyingi, lugha ya kundi lao la WhatsApp ni Kiswahili, kila mtu kwa namna yake. Huko milimani anaitwa Dogiteri, yaani daktari, na jina hilo lilimletea taabu. Safari ya kwanza alipofunga kipima mvua kwenye ua wa parokia moja, alipogeuka alikuta foleni ya akina mama wazee wenye magoti mabovu. Hakuwafukuza. Aliwasikiliza wote, akawashauri wasinyanyue mizigo mizito, na mpaka leo parokia ile inasema dawa yake ilisaidia.

Sasa nifike kwenye mwaka jana, maana bila huo wasifu huu ungekuwa mfupi na wa kawaida.

Mwanzoni mwa 2025 serikali ya mbali iliyokuwa ikigharamia karibu kazi yetu yote ilibadili mawazo. Habari ilikuja kwa barua pepe fupi, Ijumaa jioni, na mwishoni ilitutakia wikiendi njema. Posho za wasoma mvua zilikatika mara moja. Picha za setilaiti zikafungwa. Tukiweka nywila, mashine inatuambia haitutambui, kana kwamba hatukuwa tukiamkiana kila siku. Watafiti wakaachishwa kazi katikati ya mikataba. Umulisa, aliyekuwa amebobea katika ukame wa mashariki, alikwenda Kanada na hajarudi, na sitaficha kwamba tunamkosa mpaka leo. Bertrand, fundi wetu wa modeli za utabiri, alipata kazi ya mapokezi katika hoteli moja ya Kimihurura, ambako aliwakaribisha wajumbe wa mikutano ya tabianchi na kuwapa funguo za vyumba.

Ofisi yetu ya huko huko Kimihurura, yenye lifti na madirisha ya kutazama balozi za watu, tukaiacha. Nikasema nifuateni. Nikawapeleka Nyamirambo, vyumba viwili juu ya mafundi cherehani, karibu na msikiti. Kompyuta zikaunguruma juu na cherehani chini, na adhana ikawa inatukumbusha kula. Mama Athanasie, ambaye naye mshahara wake ulikuwa umekatika, alipanda ngazi zile kila siku akiwa amevaa kitenge safi na viatu vya ofisini, ungedhani anakwenda kumpokea waziri.

Lakini Machi ilipofika hata yeye alichoka. Wasoma mvua walikuwa wakifanya kazi bila hata vocha ya simu ya kutuma vipimo, na aliona ni aibu kuwadanganya. Akaamua kuwaita wale walioweza kufika Kigali, awaambie uso kwa uso kwamba kazi inafungwa, wasaini fomu za kurudisha vifaa, waagane vizuri. Nilijua maana yake. Kuanzia kesho yake majedwali yangekuwa meupe tena, safari hii kwa mkono wake mwenyewe. Siku hizo alikuwa hacheki.

Ujumbe wa mwaliko aliuandika peke yake bila kunipitishia. Ninao bado kwenye simu: "Kituo hakina kitu. Kila mtu aje na kipima mvua chake na karamu yake."

Alimaanisha kalamu, ya kusainia fomu.

Na kwa kuwa alikuwa ametanguliza kwamba kituo hakina kitu, hakuna aliyeshangaa. Siku ya mkutano walianza kupanda ngazi za mafundi cherehani mmoja baada ya mwingine, na kila aliyetokea mlangoni alikuwa na mzigo kichwani au mkononi. Sambaza, wale dagaa wa Ziwa Kivu, zilizokaangwa. Isombe, yaani kisamvu, ndani ya sufuria iliyofungwa kwa kitenge isimwagike. Ndizi na maharage, ugali wa muhogo, mtindi kwenye jerikani. Watawa walileta keki. Mafundi wa chini waliposikia harufu wakapanda na chapati, na meza ya kukatia nguo ikapandishwa kwa sababu meza zetu hazikutosha. Mama Athanasie alisimama katikati ya chumba na bahasha ya fomu kifuani, akiuliza kwa Kinyarwanda ni nani anayeoa. Nilimwonyesha ujumbe wake. Akausoma mara mbili, akaniuliza kosa liko wapi.

Watafiti waliokuwa hawajalipwa tangu sikukuu walikula kama watu waliorudishiwa kitu chao. Bertrand alikuja na sare ya hoteli na ilibidi alegeze mkanda. Kipima mvua hakikuletwa hata kimoja. Kalamu pia hazikuwepo, isipokuwa moja ya Bertrand, ambayo alikuwa ameikalia, na kama ni kwa bahati mbaya au kwa makusudi hajapenda kusema.

Tuliposhiba, Mama Athanasie alianza hotuba yake ya kufunga. Hakufika mbali. Sibomana, mwenye duka kwenye mlima mmoja wa magharibi, mtu mpole ambaye kwa kawaida hutuma namba tu bila salamu, aliinua mkono. Alisema: "Dogiteri, na ile mvula nayo itaacha kunyesha juu franga za posho zimeisha?" Kisha akaeleza kwa nini hakuleta kipima mvua. Angekileta, leo kingesomwa na nani? Alikuwa amemwachia mke wake. Wengine wakaitikia kwa vichwa. Nao walikuwa wameacha wake, waume na majirani wakisoma.

Nilimtazama Mama Athanasie. Alikunja ile bahasha, akaisukuma chini ya sufuria ya isombe, akacheka mpaka akalia, au alilia mpaka akacheka, sikumbuki kilichotangulia. Akasema basi, tunaendelea. Chumba kizima kilipiga makofi, na mafundi cherehani, ambao hawakujua tunashangilia nini, walipiga zaidi yetu.

Tukaendelea hivyo. Katika kila eneo msoma mvua mmoja mwenye bando alituma kituoni vipimo vya wenzake. Bertrand alitoka zamu hotelini akaja kuendesha modeli yake kwenye kompyuta ya Nyamirambo, bila setilaiti, kwa vipimo vya uani peke yake. Utabiri wa vuli ulitoka kwa wakati wake, na ulikuwa sahihi kuliko ule wa mwaka uliotangulia. Hilo nalisema kwa furaha na kwa kijembe kidogo, kwa ajili ya wote waliofikiri tumezikwa.

Novemba ndipo tulipojua tulikuwa tunalinda nini. Mvua ilinyesha magharibi bila kupumzika, na asubuhi moja Sibomana, kwa mara ya kwanza, aliandika maneno: "Dogiteri, iko inajaa mpaka juu." Mama Athanasie alifungua vipimo vya mlima ule, miaka yake yote, visivyo na siku tupu. Kila mara mvua ilipofikia kiasi kile kwa siku mbili mfululizo, udongo wa eneo lile uliporomoka. Hakusubiri modeli. Alishika simu akawapigia viongozi wa mlima, na kwa sauti ile ya mwalimu wa fizikia akawaambia watu watoke leo, kukiwa bado kuna mwanga. Wengine walinung'unika, lakini walitoka, wakalala kwenye madarasa ya shule. Alfajiri mlima ukashuka. Ulichukua nyumba nyingi na duka la Sibomana pamoja na kila kilichokuwa ndani. Mtu hata mmoja haukumchukua.

Saa mbili asubuhi picha iliingia kwenye kundi. Kipima mvua cha Sibomana kilikuwa kimesimikwa kwenye uwanja wa shule, na chini yake aliandika namba ya siku hiyo. Alipokimbia, alikuwa amekibeba. Mama Athanasie aliiangalia picha ile kwa muda mrefu, kisha akaniambia nimwandikie jibu zuri, kwa Kiswahili changu, kwa sababu hakuamini chake.

Baada ya hapo milango ilianza kufunguka. Wadau wa ukanda wetu wenyewe walikubali kuchangia kazi hii, na tangu Februari tuko Kicukiro, katika ofisi ambayo haina lifti lakini ni yetu. Bertrand amerudisha sare ya hoteli. Duka la Sibomana limeanza kujengwa upya, mahali pa salama ambapo Mama Athanasie alikwenda kupachagua mwenyewe. Wasoma mvua wamepata tena posho zao, na wanne wapya wamejiunga, mmoja wao akiwa fundi cherehani wa Nyamirambo aliyepandisha ile meza. Tangu 1997 mpaka leo, vipimo vya Daktari Athanasie Nizeyimana havina siku tupu. Mwaka ambao wengine walifunga virago, wetu umejaa.

Sherehe ni Ijumaa saa nane mchana, Kicukiro. Mwaliko nimeuandika mimi, nikauhakiki herufi kwa herufi, na unasema kila mtu aje na karamu yake. Kalamu iko tayari: wasoma mvua wamechangishana wakamnunulia nzuri, ya wino, na ubavuni wamechonga neno moja, KARAMU. Mchongaji alitaka kusahihisha, wakamkatalia.

Mama Athanasie, asante. Asante kwa kupanda zile ngazi kila siku wakati hakukuwa na sababu ya kuzipanda. Tunakuombea mapumziko marefu, wajukuu wenye kelele, magoti yasiyohitaji Dogiteri, na mvua ya kiasi kwenye migomba yako. Idara tunamwachia Natacha, uliyemfundisha wewe, na uamuzi wake wa kwanza ulikuwa kumtuma Bertrand afunge kipima mvua uani kwako, wewe ukidhani amekuja kutazama bomba.

Jumamosi, saa mbili asubuhi, tunasubiri kipimo chako.

Swafiya Akimana, kwa niaba ya wafanyakazi wote