Ile ya Elfu Tisa Mia Tisa

Pale kona ya mtaa wa Huruma, Eldoret, lami inapoishia na matope yanapoanza, kuna benchi lililopigwa misumari mara nyingi hata suruali za watu zinalijua. Nekoye huuza kahawa hapo, yeye kwa kistuli chake, jiko mbele ya magoti, na feni ndogo ya kupuliza makaa kando ya mguu. Wakaaji wa benchi ni wale wale. Kuna Kiprotich, broka wa mahindi, anayeitwa Moisture kwa sababu hakuna kitu chini ya jua ambacho hajakisingizia unyevu. Kuna Mzee Wanyonyi, Karani, ambaye alistaafu ukarani lakini hakustaafu kusahihisha watu. Na kuna Gideon, Sungura, aliyekuwa akiwavutia kasi wakimbiaji kule Kaptagat mpaka goti likamwambia basi. Hao watatu hawajawahi kukubaliana juu ya kitu chochote, ila mara moja tu, na hiyo mara moja ndiyo ilitaka kuua mtu.

Siku moja Ronnie kinyozi alitokea kwa mbali akitembea amepanua miguu, amejifunga leso. Leso ya maua. Nekoye alidhani macho yake yamechoka na moshi.

— Ronnie! Hiyo ni nini umevaa?

— Wacha tu, auntie. Suruali haiwezi kugusa hapa.

Akainua leso kidogo upande wa paja. Bendeji ilianzia kiunoni ikashuka mpaka karibu na goti. Sungura akaweka kikombe chini bila kuangalia mahali anakiweka.

— Woi! Umegongwa na piki?

— Ni betri.

— Betri ya gari?

— Betri ya vape, Sungura. Ile mliniambia.

Nekoye alijua ni betri gani. Ronnie alikuwa amenunua mbili. Moja akaweka kwa kile chombo chake cha kuvuta mvuke, na ya pili akamletea yeye aweke kwa feni ya jiko, kwa kuwa saizi ni moja na ya zamani ilikuwa imekufa. Hiyo ya pili iko hapo sasa hivi, ndani ya feni, inazungusha mapanga, shubiri moja tu kutoka kwa sketi yake.

— Ilifanya nini hasa? — akauliza Karani.

— Nilitoka kuichaji, nikaitumbukiza kwa mfuko pamoja na funguo za kinyozi. Namnyoa mtu, nasikia paja linapata joto. Nikadhani ni maji ya moto yamenimwagikia. Kabla niguse, puu! Moto ukatoka kwa mfuko ukipiga kelele, kama ya wale wa kuchomelea vyuma.

— Ala! Na mteja?

— Alitoroka na nusu ya nywele. Mpaka leo hajarudi kumaliziwa.

Siku nyingine wangecheka mpaka kesho. Siku hiyo hakuna aliyecheka. Nekoye aliangalia feni, feni ikamrudishia upepo wa moto usoni.

— Na hii yangu? — akauliza.

— Yako ni sawa, — akasema Moisture haraka, hata kabla ya kuangalia.

Haraka hiyo ilikuwa na sababu yake. Ni hapa hapa kwa benchi betri ilichaguliwa. Ronnie alikuwa amekuja na mbili za kulinganisha. Moja ilitoka kwa duka la mjini, imevaa plastiki ya rangi moja tu, haina mapambo, nguvu yake imeandikwa elfu tatu, na muuzaji alitoa na kiboksi chake cha kuiwekea. Ya pili ilitoka kwa mchuuzi wa barabarani, nyekundu, imechorwa ndimi za moto, imeandikwa elfu tisa mia tisa. Nusu ya bei. Moisture alizipima kwa viganja, akanusa, akafunga jicho moja. Akasema: gunia la kilo tisini na gunia la kilo thelathini, mtu mzima atabeba gani? Karani akathibitisha kwamba nambari ikiandikwa imeandikwa. Sungura akasema mwenye stamina anajulikana kwa namba ya kifua. Wakagongana tano, na yule kijana akarudisha ile ya duka, akanunua nyekundu ya pili.

Sasa hakuna aliyetaka kukumbuka. Kila mmoja alianza kutafuta mwizi mahali pengine.

— Tatizo ni moisture, — akaanza Moisture, kama kawaida. — Paja linatoa jasho. Jasho ni maji. Mahindi ukiyatia kwa gunia yakiwa na maji, si yanapata joto yenyewe? Unatia mkono ndani unatoa ukiwa umeungua. Betri ni hivyo hivyo.

— Kwa hivyo hii ya feni…

— Hii ya feni ndiyo salama kuliko zote Eldoret, Nekoye! Iko karibu na moto. Imekauka kabisa.

Na akainama, akaisukuma feni ikazidi kukaribia jiko. Nekoye akarudisha magoti nyuma. Alitaka kuivuta. Kusema kweli aliogopa kuigusa, na aliona haya kuogopa mbele ya watu wazima waliotulia hivyo.

— Jasho gani, — akadakia Karani. — Ronnie, simu yako ilikuwa wapi?

— Mfuko huo huo.

— Si ndio! Hizi simu za siku hizi zinatafuta mtandao usiku na mchana. Simu na betri zikilala mfuko mmoja zinasemezana. Simu inaomba moto, betri inatoa. Inaomba, inatoa. Mwishowe betri inachoka, inakasirika.

— Betri inakasirika, Mzee? — akauliza Sungura.

— Wewe ukiombwa mchana kutwa hukasiriki?

Sungura aliondoa simu yake juu ya benchi polepole, akaiweka mbali, kwa jiwe. Moisture akajifanya hajamwona, kisha naye akatoa yake.

— Nyinyi wote mnakosea, — akasema Sungura. — Ni altitude. Mmeona watu wa tambarare wakija Kaptagat? Kijana ana kifua kama mlango, kilomita ya pili amelala kwa nyasi anauliza mama yake. Hewa ya huku ni nyepesi. Hiyo betri ilitengenezwa huko chini baharini, ikajazwa hewa ya huko. Ikifika huku juu, ndani inasukuma, nje hakuna wa kuizuia. Lazima ipasuke.

— Na mbona ilikaa majuma mazima bila kupasuka? — akauliza Karani.

— Ilikuwa inazoea. Ikashindwa.

Nekoye alivumilia akashindwa. Akagonga birika na kijiko.

— Jameni! Mimi naketi na ndugu yake hapa! Kuna mtu anaweza kuniambia kama hii kitu itanilipukia usoni ama hapana?

— Auntie, daktari alisema kitu, — Ronnie akasema. — Yule kijana aliyenifunga, yeye mwenyewe anavuta. Aliuliza iliandikwa ngapi. Nikamwambia. Akacheka, halafu akaacha kucheka. Akasema betri ya saizi hii, hata ya maana kabisa, ikizidi sana ni elfu tatu na nusu hivi. Hiyo elfu tisa ni uongo mtupu, na mtu akiwa amedanganya kwa nambari, amedanganya mpaka ndani. Akasema betri haitembei na funguo, inatembea kwa kiboksi. Na ganda la plastiki likichanika, hapo ni kuacha.

— Daktari ni wa dawa, — akasema Karani. — Awachie wenyewe mambo ya umeme.

— Wenyewe ni nani, Mzee? — akauliza Nekoye.

Karani akanywa kahawa.

Lakini neno la mwisho la daktari lilikuwa limemwingia Nekoye kama mchanga machoni. Ganda likichanika. Yeye mwenyewe, alipokuwa akiitia betri kwa feni, ukucha uliinasa ile plastiki nyekundu ikatoka kipande, akaona chuma. Akaizungushia selotepu, akaendelea na kazi. Ni kitu kidogo, nani angejua? Na hewa pale kwa jiko ilikuwa na utamu fulani tangu asubuhi, utamu usio wa tangawizi, ambao alikuwa amedhani ni wa sabuni ya mtu.

Ronnie akaketi kwa ncha ya benchi, paja likiwa nje.

— Anyway, mimi sijakuja kulia, — akasema. — Chombo changu kilipona, kilikuwa kwa droo. Nataka betri ingine. Kuna mtu anauza za kijani, zimeandikwa elfu kumi na mbili. Mnasemaje?

Nekoye alimwangalia asiamini. Mtoto wa watu ana bendeji kutoka kiuno mpaka goti, na amerudi kwa waganga wale wale!

— Ronnie! Aki wewe ni mzima kichwani?

— Si sasa wamejua shida ilikuwa wapi, auntie?

— Elfu kumi na mbili… — Moisture alikuwa ameshafunga jicho moja. — Hiyo ni mbali. Lakini safari hii tusinunue kwa macho. Safari hii tupime ndani. Tuanze na hii ya Nekoye, tujue mchuuzi alijaza nini.

Akaingiza mkono kwa koti, akatoa kile chuma chake kirefu chenye mfereji na ncha kali, kile mabroka huchomea gunia ili mahindi ya katikati yatoke yaonekane. Akakipangusa kwa suruali.

— Unataka kufanya nini? — akauliza Nekoye.

— Nachoma kidogo tu kwa tumbo. Natoa, naangalia, narudisha. Gunia halijawahi kulia.

— Na kama kuna moto ndani?

— Kama kuna moto si tutauona?

Akapiga goti mbele ya jiko. Karani akasogea ili aone vizuri. Sungura akasema achome kwa upande wenye alama ya kutoa, si wa kujumlisha. Na hapo ndipo Kavetsa, mama mgeni aliyehamia nyumba za kupanga za plot ya nyuma wiki hiyo, akafika na kikombe chake mwenyewe, akasimama, akakunja pua.

— Hamjambo? Niwekee ya kumi, mama. Lakini ni nani anapaka rangi ya kucha hapa?

Wakaangaliana. Karani, mtu mzima, akaangalia vidole vyake. Sungura akanusa hewa.

— Ni kweli kuna harufu. Tamu hivi.

Ronnie aliinuka. Aliinuka na lile paja, leso ikaanguka, akabaki na kaptula na bendeji, na hakuiokota. Uso wake ulikuwa umekwisha damu.

— Hiyo… hiyo ndiyo harufu ilitoka kwa mfuko wangu. Kabla. Hiyo hiyo. Tokeni! Tokeni!

Benchi likapinduka. Moisture alitupa chuma chake, akaruka mtaro wa maji aliokuwa akiuzunguka kila siku kwa ajili ya mgongo. Karani alikimbia na kikombe. Sungura, goti na yote, alikuwa ameshafika upande wa pili wa barabara kabla kikombe chake hakijagusa chini. Kavetsa alivutwa na Ronnie kwa mkono wa sweta.

Nekoye peke yake alibaki kwa kistuli. Mapanga ya feni yalikuwa yamesimama, na tumbo la plastiki ya feni lilikuwa limevimba upande ulioelekea jiko, linafoka uzi mweupe wa moshi.

— Toka hapo! — walipiga kelele kutoka ng'ambo. — Nekoye, toka!

Atoke aache birika, jiko na benchi? Na ukuta wa mbao nyuma yake, na watoto wa plot wanacheza nyuma ya ukuta huo? Aliwasikia wakihesabu kujificha. Alishika koleo ya makaa, akaibana feni shingoni kama mtu anayeokota nyoka, akageuza uso, akairusha kwa mtaro kwa nguvu zake zote.

Haikufika kwa maji. Ililipuka ukingoni, puu, moto mweupe ukachirizika ukipiga miluzi, matope yakaruka mpaka kwa bati. Watoto wakanyamaza kuhesabu. Halafu ikapasuka tena kidogo, ikabaki inatoa moshi mweusi unaonuka chuma na plastiki.

Wakarudi mmoja mmoja, wakiwa wamekunja mabega. Ronnie alifika wa kwanza, anachechemea, akamshika Nekoye mkono akaugeuza huku na huku kutafuta pa kuungua. Hakukuwa na jeraha. Akaanza kulia, kijana mzima, akisema pole auntie, pole auntie. Moisture akainua benchi. Sungura akakusanya simu kwa jiwe. Ukingoni mwa mtaro ganda jekundu lilikuwa limepasuka, na kipande chenye tarakimu, tisa na tisa na sifuri sifuri, kimelala kwa matope kikiangalia juu.

Kavetsa alikuwa bado ameshika kikombe chake kitupu. Alikitazama kile kipande, akawatazama wao.

— Mimi ni mgeni, mnisamehe, — akasema. — Lakini hiyo kitu, ni nani aliwachagulia?

Moisture aliokota chuma chake, akakipangusa tena kwa suruali. Karani alisahihisha kola ya shati. Sungura akainama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

Mwishowe Moisture akajikohoza, akaketi mahali pake pa siku zote, akanyoosha kikombe.

— Nekoye, nipimie kidogo bwana. Moyo unadunda.

— Kahawa imeisha, — akasema Nekoye.

Wote waliangalia birika. Lilikuwa limejaa, mvuke unatoka, kifuniko kinacheza. Nekoye aliliinua, akamjazia Kavetsa, akamjazia Ronnie, akajimiminia yeye mwenyewe, akafunika.