Bunduki ya Upepo Iliyogoma Alfajiri

Ndege aliyetua juu ya mtutu wa bunduki yangu hakuwa na habari kwamba nimezunguka bandari saba nikipaka grisi mashine za meli. Nilikuwa bondeni Yombo, alfajiri ya Julai, mwaka wa nne tangu vita vimalizike. Bunduki nimeiunda mwenyewe, ya kutisha ndege kwa mlio tu; nimeijaza upepo kwa pampu ya baiskeli mpaka makwapa yanalia, majirani wamejipanga kwenye kingo za majaruba kunitazama. Nikafyatua. Fyuuu! Kizibo cha katani kikatambaa nje, kikaniangukia kidole gumba cha mguu. Yule ndege akanitazama kidogo, akarudi kula mpunga wa Bi Mauwa, mjane aliyeninywesha uji wiki tatu niliposhushwa melini na homa. Nusu ya mpunga ilishakwisha. Iliyobaki ndiyo chakula chake cha mwaka.

Jioni nikaibeba bunduki hadi Temeke, kwenye benchi letu la kahawa, nikawasimulia ya alfajiri. Mwinjuma Spoki, fundi baiskeli, akaijaza, akafyatua. PAA! Vikombe vikaruka.

— Nzima hii! akasema. Mbovu ni wewe, Bandari Saba.

— Mie vali nimeifunga kama za melini, nikajitetea. Kikombe cha ngozi kinaziba mtutu. Ukiachia upepo wa nyuma, kinarudi ghafla, upepo wote unatoka mbele kwa mkupuo mmoja.

— Basi asubuhi kinaona haya, akasema Ansbert, mtu wa Bukoba anayewaandikia watu barua. Ngozi ya mbuzi jike haiamkagi mapema.

— Ya ng'ombe hiyo!

— Wa wapi? Kama wa Dodoma, akiona maji mengi vile lazima apigwe butwaa.

— Hata kama kafa?

— Hasa kama kafa.

— Acheni upuuzi, akasema Mwinjuma. Upepo wa alfajiri bado mchanga. Mie mwenyewe sijazi tairi la mtu kabla ya saa tatu.

Nikaona wananipita kwa uongo. Nikakohoa.

— Kule Kolombo, upepo wanaupima kwa mwezi. Mwezi ukiwa mwembamba, unaufyonza juu.

— Kolombo ulishuka bandarini? akauliza Mwinjuma.

— Nilikuwa chini kwenye mashine.

— Mwezi uliuonea wapi?

Walikuwa bado wananicheka Bi Mauwa alipotokea, kanga kajifunga kiunoni.

— Shikamoo, Bi Mauwa.

— Marahaba. Ndege wamelala wameshiba. Hiyo ngozi mmeipaka nini?

— Mafuta ya nazi, Bi! nikajibu kwa fahari. Safi, ya kukamua nyumbani.

— Na kwa kipupwe hiki, chupa ya mafuta ya nazi mnaikutaje alfajiri?

Wanaume watatu, kila mmoja asubuhi hiyohiyo alikuwa ameiweka chupa yake kando ya jiko, akisubiri iyeyuke apate kupaka kichwani. Ansbert akainamia kikombe chake kana kwamba jibu limezama humo. Mie nikafunga kamba za viatu, na nilikuwa nimevaa makubazi.

Mwinjuma akaifungua vali. Akayafuta kwa kitambaa mafuta yaliyokuwa yakiganda na kuishika ngozi, mpaka ikakauka, akailoweka kwenye mafuta ya nyonyo, ambayo hayagandi, akairudisha mdomo ukielekea palepale ulipokuwa.

Alfajiri iliyofuata tukashuka bondeni wote. Nikapampu, nikafumba macho, nikaachia.

PAA!

Ndege wakainuka jaruba zima, wakageuka angani mara moja, wakashika njia ya Kibamba. Mashuke yakabaki yakitikisika, yamelemewa. Bandari saba, na hakuna hata moja iliyonipa kitu kizuri kama kile.

— Bi Mauwa, nikasema, ahsante sana. Hata sijui nikushukuru vipi. Kesho tutakuja sote watatu na bunduki yetu, wewe upumzike ndani...

Akaninyang'anya pampu mkononi.

— Njooni na miundu ya kuvunia. Ndege nitawafukuza mwenyewe.