Clifford Haigh na Chumba cha Darini

Marehemu Clifford Haigh alizaliwa tarehe 9 Februari 1948 mjini Todmorden, Yorkshire, mtoto wa pili wa fundi mitambo wa kiwanda cha pamba. Mama yake alizoea kusema kwamba mtoto huyu alitembea kabla ya kutambaa, kwa kukosa subira.

Shuleni walimkalisha karibu na mlango, maana kutoka angetoka tu. Mwaka 1963 aliingia karakana ya mabasi huko Halifax, akafanya kazi humo hadi alipostaafu mwaka 2008.

Tarehe 12 Juni 1971 alimwoa Brenda Lumb. Fungate walikwenda Scarborough, na bwana harusi akashinda asubuhi ya kwanza akitengeneza dirisha la hoteli lililokuwa likigongagonga. Brenda husimulia hayo mpaka leo, akicheka na kusonya.

Kustaafu kulimtesa. Kisha, Novemba 2009, binti yao Alison alirudi nyumbani baada ya ndoa yake kuvunjika, pamoja na Poppy, msichana wa miaka sita mwenye pumu. Clifford akaamua kuwageuzia dari iwe chumba kabla ya Krismasi. Alishindilia sufu ya kuzuia baridi katikati ya kenchi mpaka ikabana vigae, akafunika kwa jipsam, akapaka rangi ya njano. Baridi ilipokaza, maji yakaanza kutona, ukungu ukatambaa juu ya kitanda, na Poppy akalazwa hospitali.

"Baba, sisi tunahama," Alison alisema. "Simlazi mwanangu kwenye unyevu."

"Nipe mpaka Pasaka."

"Si ndivyo ulivyosema kuhusu Krismasi?"

"Krismasi nilikuwa na haraka. Sasa nina hofu."

Alison akabaki.

Clifford alibomoa kila kitu. Safari hii aliacha upenyo wa hewa chini ya vigae, akapanga mabamba ya povu gumu la kuzuia baridi, akaziba kila kiungo, akatandaza nailoni upande wa ndani ili mvuke wa nyumba usipande. Hata alipomaliza hakutulia. Kutwa alipanda kupapasa kuta.

"Wewe mzee," Brenda alimwita toka chini, "hizo kuta zimekukosea nini?"

Zilikuwa kavu. Poppy alilala humo mpaka alipoondoka kusomea uuguzi.

Moyo ulianza kumsumbua Clifford mwaka 2021. Kilichomuuma zaidi ni kukatazwa ngazi, hata kitanda chake kikashushwa sebuleni. Asubuhi ya tarehe 17 Januari 2024 theluji ilikuwa imeanguka, na Brenda alikuwa ndiyo kwanza arudi ndani na maziwa yaliyoachwa mlangoni.

"Mapaa ya jirani vipi?" Clifford aliuliza.

"Yameshaanza kuwa meusi. Joto lao lote linapita juu."

"La kwetu?"

"Jeupe pe, Cliff. Theluji haijayeyuka hata kidogo."

"Ngoja nikaone mwenyewe."

Brenda alikwenda kumletea koti. Aliporudi, mumewe alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, buti moja mguuni, ameshaondoka.

Ameacha mjane, Brenda; binti, Alison; mjukuu, Poppy; na dada yake mkubwa, Hilda.

Mungu ampe pumziko, naye akubali kulipokea.