Mama Ngome na Somo Lililokatika

Tarehe 30 Juni, fundi wetu mkuu wa kujalidi vitabu, ambaye sote tunamwita Mama Ngome, atastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja kiwandani. Kitabu alichokishona yeye hakiachii kurasa, na aliyelipua kazi alirudishiwa aifumue, aanze upya.

Jina alilipata kwenye meza ya sataranji, chumba cha chai. Mwanzoni alikuwa akimbana vizuri Mzee wa Stoo, mtunza ghala wetu, lakini kete zikibaki chache anashindwa yeye. Ikamuuma. Kikaletwa kiwandani kujalidiwa kitabu cha michezo ya mabingwa wa sataranji, akaomba nakala iliyoharibika, akaruka mianzo yote akasoma miisho tu. Alifunika ukurasa, akakisia hatua ya bingwa, ndipo akafunua. Taratibu akaona mabingwa tofauti wakirudia mawazo yaleyale: kete zikipungua, mfalme haachwi mafichoni, anatoka kupigana, na ngome, kete aliyoisifu mpaka tukampa jina lake, hukaa nyuma ya askari anayekimbilia mraba wa mwisho. Tangu hapo Mzee wa Stoo hakuambulia kitu.

“Yeye anacheza na mimi peke yangu,” alilalamika, “mimi nacheza na ukoo mzima wa mabingwa!”

Mzee alipostaafu, aliomba afundishwe miisho hiyo.

“Subiri nami nistaafu, kaka, tutakuwa na muda tele.”

Mashine mpya ikaja, Mama Ngome akaombwa abaki kidogo, akakubali. Mwaka huu Mzee akalazwa. Mama Ngome alimfuata wodini na ubao mdogo, wakapanga wafalme wawili na askari mmoja.

“Sasa mfalme wangu aende wapi?”

“Mbele ya askari wako, amsafishie njia.”

Muuguzi akaja kuwatoa wageni. Wakaagana kuendelea kesho, lakini Mzee hakuifikia.

Mezani kwetu Mama Ngome hajakaa tena. Tulipomuuliza, alisema, “Muda nilikuwa nao. Nilimwekea akiba mtu asiyeweza kusubiri.”

Majuzi mjane wa Mzee alimwomba amfundishe, maana anataka kujua ni mchezo gani huo uliomchelewesha mumewe kurudi nyumbani. Walianza Jumamosi iliyopita. Mama Ngome hakungoja kustaafu.

Asante, Mama, kwa kazi ya mikono yako. Tunakuombea afya njema, siku nyingi, na mtu wa kukaa naye mezani.