Nusu ya Bukari

Treni ilipotoka Kamina, Séraphin, mfanyakazi wa reli mwenye tumbo kubwa, alikula nusu ya bukari, yaani ugali, na samaki, akafunga iliyobaki.

Mama Kyabu, aliyekaa kando yangu, mbele yake, akamuuliza kama samaki ameoza.

"Hapana, mama. Munganga alinikatalia kushiba. Huu uzito ndio unachokesha moyo yangu."

"Na bibi yako anaonaje ukiacha chakula yake?"

"Alirudia kwao, Kabondo-Dianda. Anasema niko nakula kwa mwanamuke mwingine. Naenda kumurudisha."

Mama Kyabu akatazama lile tumbo. Hata mimi sikuona dalili ya njaa.

"Bakwe watakupa bukari mingi. Ukiacha nusu, bibi atasema: munaona?"

"Na nikimaliza yote?"

"Utarudi naye."

"Na moyo, mama?"

Treni ikasimama Kabondo-Dianda. Ilikuwa saa ya chakula. Séraphin akashuka akihema, akaelekea kwa wakwe.