Kidonge cha Mafuta na Gauni la Kesho

Fundi cherehani aliketi mbele yangu basini, gauni jeupe la harusi ya kesho mapajani, akimweleza muuguzi asiyemjua, aliyeketi kando yake na sare, siri ya kufuta kovu la pasi lililokuwa mkononi mwake mwenyewe. "Dada yangu, mafuta ya vitamini E hayana mpinzani. Wiki mbili tu, ngozi imelainika."

"Kulainika sawa, kama ilikuwa kavu," alijibu muuguzi. "Lakini kovu lipo palepale. Tena mafuta hayo wengine yanawaletea vipele."

"Una wivu wewe."

"Wivu wa kovu, mama?"

Mimi, mwanafunzi mnyenyekevu wa bweni niliyekuwa narudi nyumbani likizo, nilisikiliza yote kwa ajili ya elimu. Fundi akachomoa sindano kwenye ukosi, akatoboa kidonge cha mafuta hayo ili amwonyeshe. Basi likaruka tuta. Mafuta yakatua kifuani pa gauni, na doa la ukubwa wa kifungo likaanza kutanuka.

"Sasa futa hilo," alisema muuguzi kwa upole.

"Likikauka halionekani," alisema fundi, akilikunja gauni, doa likiwa ndani.

Basi likasimama. Bibi harusi alikuwa kituoni, mikono ameinyoosha kulipokea gauni lake. Kwetu ni vituo vitatu mbele, lakini nami nikashuka nyuma ya fundi, kwa ajili ya elimu.